Wodini, nyumbani au hospitali ya kutwa: mgonjwa wa akili aliyezidiwa auguzwe wapi?

Ndugu anapozidiwa na maradhi ya akili, familia hupewa muda mfupi sana wa kuamua jambo zito. Pengine hajalala siku kadhaa, anasikia sauti zinazomwamrisha, au ametamka waziwazi kwamba hataki tena kuishi. Daktari anauliza: alazwe, au mtaweza kumuuguza nyumbani huku timu yetu ikimfuata huko? Mahali pengine ipo njia ya tatu, hospitali ya kutwa: mgonjwa hufika asubuhi, hutibiwa mchana kutwa, na jioni hurudi kwao. Wengi hujibu kwa moyo. Wapo wanaoona kumlaza ni kumtupa, na wapo wanaoona kumrudisha nyumbani ni kuhatarisha roho yake. Watafiti wamelifuatilia swali hili kwa miongo kadhaa, na walichokipata hakimpi yeyote kati ya hao haki kamili.

Nitazilinganisha njia hizi tatu kwa mambo yanayogharimu uhai yakikosewa: usiku, mwili na dawa, namna mgonjwa anavyotendewa, na zile siku anapohama kutoka mikono ya watu hawa kwenda mikono ya wengine. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, nami naliona kuwa ndilo zito kuliko yote.

Kwanza: asiyelazwa hupona?

Ndiyo, wengi hupona. Mwaka 1980 Leonard Stein na Mary Ann Test walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Madison, Wisconsin, nchini Marekani. Wagonjwa waliofika kutafuta kulazwa waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likapata huduma ya kawaida ya hospitali, jingine likahudumiwa na timu iliyowafuata walikoishi kwa miezi 14, ikiwasaidia mpaka katika kupika, kufua na kutafuta kazi. Waliofuatwa huko walilazwa mara chache sana na wakaishi vizuri zaidi kidogo. Ila huduma iliposimamishwa baada ya miezi hiyo 14, mafanikio mengi yalianza kuyeyuka na watu wakarudi wodini. Kilichowashikilia ni watu waliokuwa wakija mlangoni, si kule kuwa nje ya hospitali.

Jaribio la Islington, London, lililochapishwa 2005, lilihusu watu 260 waliokuwa katika dharura ya akili. Waliopata timu ya dharura ya nyumbani walilazwa kwa uchache mno katika wiki 8 zilizofuata kuliko waliopata huduma ya kawaida, na dalili zao hazikuonekana kuwa mbaya zaidi.

Hospitali ya kutwa nayo ilipimwa katika nchi tano za Ulaya, kwa wagonjwa 1,117, na matokeo yakatoka 2007. Dalili zilipungua sawa na za waliolazwa, na waliokuwa wakienda na kurudi walifanya vizuri zaidi katika kuishi na watu na kushika majukumu yao ya kila siku. Usomapo matokeo haya, lakini, tazama nani hakuingizwa. Mtu aliyehitaji kulindwa na muuguzi wake mwenyewe saa zote hakuwamo, wala aliyeletwa kwa nguvu. Mapitio ya majaribio ya aina hii yalikadiria kwamba hospitali ya kutwa ingewafaa takriban robo ya wanaolazwa, au zaidi kidogo. Waliobaki walihitaji njia nyingine.

Kwa hiyo kama hofu yako ni kwamba asipolazwa hatapona, hofu hiyo haina msingi mkubwa. Hofu inayostahili kusikilizwa ni nyingine.

Usiku

Wodini kuna mtu anayelipwa ili awe macho saa tisa usiku. Nyumbani timu ikishaondoka, mwenye kukesha ni mama, mke, kaka, au hakuna. Katika hospitali ya kutwa usiku wote ni wa familia, pamoja na mwisho wa juma pale huduma inapofungwa.

Utafiti uliotoka 2014 uliangalia Uingereza nzima kati ya 2003 na 2011. Kwa wastani wa kila mwaka, katika kila vipindi 10,000 vya kuhudumiwa na timu za nyumbani, watu 14.6 walijiua; na katika kila kulazwa 10,000, watu 8.8. Kati ya waliofariki wakiwa mikononi mwa timu hizo, asilimia 44 walikuwa wakiishi peke yao, na karibu nusu walikuwa wamepatwa na pigo la maisha muda mfupi kabla: kufiwa, kuachwa, kupoteza kazi.

Namba hizo si hukumu dhidi ya nyumbani. Vipindi vya huduma havilingani kwa urefu, na wagonjwa wa makundi hayo mawili si walewale, hivyo huwezi kusema timu ndiyo iliyosababisha. Lakini zinatuonyesha nani hakupaswa kurudishwa kirahisi. Mtu anayewaza kujiua, anayeishi peke yake, na ambaye juzi tu amepatwa na pigo, sioni njia ya kumwachia nyumbani kwake, hata timu iwe hodari namna gani. Alazwe, au ahamie kwa ndugu ambaye kweli atakuwepo. Kusema kwamba jirani atamchungulia hakutoshi.

Upande wa wodi, utafiti wa Uingereza na Wales uliochapishwa 2012 ulichunguza hatua ambazo huduma za afya ya akili zilikuwa zimeshauriwa kuchukua: kuondoa wodini vitu na maumbo yanayoweza kutumika kujiua, kuwafuata walioruhusiwa ndani ya siku 7, kuwa na timu za dharura saa 24, na nyinginezo. Huduma zilizotekeleza zaidi zilikuwa na vifo vichache zaidi, na hatua iliyoambatana na upungufu mkubwa kuliko zote ilikuwa ile ya dharura ya saa 24. Wanaolinganisha wodi na nyumbani kana kwamba ni maadui wanapaswa kuliona hilo: wodi salama na simu inayopokelewa usiku wa manane ziliokoa watu katika mfumo uleule mmoja.

Kulazwa kwenyewe si kinga kamili. Baadhi ya vifo vinavyohesabiwa kuwa vya wagonjwa waliolazwa hutokea nje ya jengo, mgonjwa akiwa na ruhusa fupi ya kwenda nyumbani au akiwa ametoroka. Ukimlaza ndugu yako, uliza ruhusa hizo hutolewa na nani, na kama mtapigiwa simu kabla hajatoka, si baada ya kutorudi.

Mwili na dawa

Hapa wodi inashinda waziwazi, na wakati mwingine hata wodi ya akili si mahali pake.

Mzee aliyekuwa timamu juzi, leo akawa anaongea ovyo, hajui saa wala mahali, mara anasinzia mara anahangaika, mchukulie kuwa na ugonjwa wa mwili mpaka ithibitishwe sivyo. Maambukizi, upungufu wa maji, chumvi ya damu iliyoshuka, dawa mpya aliyoandikiwa kwa jambo jingine, vyote vinaweza kuleta hali hiyo. Mpeleke hospitali ya kawaida apimwe. Vilevile mlevi wa siku nyingi aliyeacha ghafla: anaweza kupata degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne akaanza kuona vitu visivyokuwepo, akitetemeka na kutoka jasho. Hali hiyo huua isipotibiwa, na haitibiwi kwa kumfungia chumbani.

Mama aliyejifungua ambaye katika wiki mbili za mwanzo anaanza kuchanganyikiwa, halali, anasema mambo ya ajabu kuhusu mtoto, huyo ni wa kulazwa siku hiyohiyo. Saikosisi ya baada ya uzazi, yaani akili kupotewa na uhalisia, humpata takriban mama mmoja au wawili katika kila 1,000, hugeuka haraka, na matibabu yake hufanya kazi vizuri sana. Zipo hospitali zenye wodi ya mama na mtoto pamoja. Ikipatikana, ichagueni hata kama ni mbali. Kwa hali hii siweki njia tatu mezani.

Yupo pia asiyekula wala kunywa, aliyekaa katika mkao mmoja, hajibu, hageuki. Familia huweza kumwona mtulivu na kushukuru, kumbe yuko hatarini: maji ya mwili yanaisha na damu inaweza kuganda miguuni. Naye ni wa kitandani hospitalini.

Dawa zenyewe zinatofautiana katika kuvumilia kuanzishwa nyumbani. Nyingi za sonona huanzishwa nyumbani bila shida, mradi kuna mtu anayemwangalia katika wiki za kwanza, hasa akiwa kijana. Lithiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko makali ya hisia, ni jambo jingine: nafasi kati ya kiwango kinachotibu na kinachodhuru ni finyu, damu lazima ipimwe, na kuharisha, kutapika au kumeza dawa ya maumivu ya ibuprofeni kunaweza kukipandisha mpaka mtu atetemeke, ayumbe na kuchanganyikiwa. Klozapini, dawa ya saikosisi, huhitaji kupimwa chembe nyeupe za damu mara kwa mara, na shinikizo la damu na joto la mwili kufuatiliwa anapoianza. Tena hufunga choo, na kufunga choo huko kumewahi kuua, kwa hiyo lichukulie kwa uzito hata kama mgonjwa anaona haya kulitaja. Yeyote anayetumia dawa za saikosisi akipata homa, misuli ikakakamaa, jasho likamtoka na akili ikaparaganyika, apelekwe hospitali wakati huohuo, si kesho timu itakapokuja.

Hospitali ya kutwa hukaa katikati. Vipimo vinafanyika, mabadiliko ya dawa yanaonekana na wataalamu siku tano za juma, na mgonjwa bado analala kwao. Kwa mtu mwenye sonona nzito ambaye bado anakula, hana nia ya kujidhuru, na ana mtu nyumbani, naipendelea kuliko njia zote mbili.

Jambo moja la nyumbani ambalo ni rahisi na huokoa: dawa zitolewe za siku chache, zishikwe na mwingine, na masalia ya zamani yarudishwe duka la dawa. Vitu vingine ambavyo mgonjwa amewahi kuvitaja au kuvitumia kujidhuru vitoke nyumbani kabisa. Kuvificha hakutoshi, kwa maana mwenye nyumba anajua maficho yote.

Anavyotendewa

Kwa watu wengi hiki ndicho kinachowafanya waikimbie wodi. Kushikwa kwa nguvu, kufungiwa peke yako, kuchomwa sindano hukutaka, ni mambo yanayobaki na mtu, na anayeyakumbuka anaweza kuchelewa kutafuta msaada mara nyingine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006 na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uitwao QualityRights, uliotolewa 2012, vyote vinasukuma huduma ziachane na kulazimisha.

Na wodi hubadilika zikiamua. Profesa Len Bowers na wenzake waliujaribu mpango wa Safewards katika wodi 31 za hospitali 15 Uingereza, matokeo yakachapishwa 2015. Mpango una mambo kumi madogo madogo: wahudumu na wagonjwa kujuana kwa mambo ya kawaida ya maisha yao, kukubaliana pamoja kinachotarajiwa wodini, kumwandaa mgonjwa anapokaribia kupokea habari mbaya, kusema naye kwa upole anapopandwa na hasira, walioruhusiwa kuacha ujumbe wa matumaini ukutani. Matukio ya vurugu yalipungua kwa asilimia 15, na ya kudhibiti watu kwa nguvu, kufungia au dawa za ghafla yalipungua kwa asilimia 26.4. Hakuna mashine iliyonunuliwa. Kwa hiyo unapoambiwa kwamba wagonjwa wa akili hawadhibitiki bila nguvu, una sababu ya kutokubali.

Ukitaka kuijua wodi kabla ya kumwacha mtu wako, uliza lini mara ya mwisho mgonjwa alifungiwa, na baada ya tukio walikaa naye kuzungumza au la. Wanaojibu bila kukasirika ni dalili njema.

Nyumbani mgonjwa hubaki na jina lake. Ni baba wa fulani, mwenye kiti chake, anaulizwa chai iwe na sukari kiasi gani. Hilo lina uzito wa kitabibu. Lakini heshima hiyo hulipiwa na anayeuguza, ambaye halali, haendi kazini, na pengine ndiye anayetukanwa na kushukiwa na mgonjwa. Sauti za mgonjwa zikimtaja muuguzaji kuwa adui, au kuna watoto wadogo wanaoshuhudia, nyumbani pameshakuwa si salama kwa wote wawili. Ukiona hivyo, kumlaza si kushindwa kumpenda.

Vipi kuhusu kuandika mapema, akiwa mzima, anachotaka afanyiwe akizidiwa? Jaribio la 2004 la watu 160 lilipata kwamba waliokuwa na mpango wa pamoja walioandika na timu yao walilazwa kwa lazima asilimia 13, dhidi ya 27 ya wasiokuwa nao. Jaribio kubwa zaidi la 2013, lenye watu 569, halikuona tofauti. Watafiti walieleza kwamba mara nyingi mpango haukutekelezwa ipasavyo. Bado nashauri uandikwe, ila daktari na muuguzi wanaomtibu wawepo wakati wa kuuandika, na nakala iwe inapatikana usiku wa dharura.

Siku za kuhama

Niliahidi kukaa hapa. Mapitio yaliyochapishwa 2017, yaliyokusanya tafiti 100, yalihesabu kujiua baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali za akili. Kwa jumla kiwango kilikuwa watu 484 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Katika miezi mitatu ya mwanzo peke yake, kilikuwa 1,132. Takwimu za Uingereza zinaonyesha kwamba hata ndani ya miezi hiyo, hatari imerundikana katika wiki moja au mbili za kwanza. Ndiyo maana huko kanuni ilikuwa mgonjwa aonwe ndani ya siku 7, na baadaye ikabanwa kuwa saa 72.

Kwa nini siku hizo? Mgonjwa anarudi penye deni lilelile, ugomvi uleule, kitanda kilekile alichokosea usingizi. Dawa zimebadilishwa na hazijakaa. Nguvu za mwili mara nyingine hurudi kabla matumaini hayajarudi. Familia imechoka, inataka kuamini kwamba yamekwisha. Na wale wauguzi aliowazoea wodini hawapo tena, wakati daktari wa kliniki bado hajamwona.

Sasa tazama njia zetu tatu kwa jicho hilo. Wodi ina mpaka mkali: leo unalindwa saa 24, kesho uko peke yako. Timu ya nyumbani hupunguza mpaka huo kama inampokea mgonjwa wodini kabla hajatoka, ila ikiwa imeletwa ili tu kitanda kipatikane mapema, yeye ni mgonjwa aliyeruhusiwa akiwa na hatari zilezile, na timu nayo itamwachia baada ya wiki chache. Huo ni mpaka wa pili. Hospitali ya kutwa huvuka polepole, siku tano kisha tatu kisha moja, na kwa hili ndiyo bora, hata kwa mtu aliyeanza kwa kulazwa.

Kinachoziba pengo hakihitaji jengo. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 1,640 katika vitengo vya dharura 9 vya hospitali za askari wastaafu Marekani. Waliokuwa wamewaza au kujaribu kujiua walitengenezewa mpango wa usalama wa ukurasa mmoja hivi, wakapigiwa simu angalau mara mbili baadaye. Katika miezi 6 vitendo vya kutaka kujiua vilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 45 kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo unataja, kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe: dalili zangu za mwanzo, nifanye nini mwenyewe, niende wapi penye watu, nimpigie nani, mtaalamu gani, na nitaondoaje vya kunidhuru. Kabla ya hapo, jaribio la Jerome Motto na Alan Bostrom, lililochapishwa 2001, lilikuwa limeonyesha jambo la kuliwaza: kati ya watu 843 waliokataa kuendelea na matibabu baada ya kulazwa, nusu waliandikiwa barua fupi za kuwajulia hali, zisizodai chochote. Katika miaka miwili ya kwanza waliopata barua walijiua kwa uchache zaidi.

Kwa hiyo swali la kumwuliza daktari kabla ya kuchagua si kitanda kipo au hakipo. Muulize: siku atakapotoka mikononi mwenu, nani kwa jina atamwona ndani ya siku tatu, saa ngapi, na simu ipi itapokelewa usiku? Huduma yenye jibu, iwe ya wodini au ya nyumbani, ichaguliwe mbele ya ile isiyo nalo, hata kama hiyo nyingine ina jengo zuri zaidi.

Ningechagua hivi

Alazwe anayetaka kufa na hana wa kukesha naye, anayeamrishwa na sauti kumdhuru mtu, asiyekula wala kunywa, mama wa saikosisi ya uzazi, na yeyote ambaye mwili wake una shaka. Nyumbani na timu panamfaa anayekubali dawa, anayezungumza, aliye na mtu mzima wa kulala naye nyumba moja, na timu inayofika kila siku mwanzoni. Hospitali ya kutwa imfae aliyevuka ukingo wa hatari lakini bado anahitaji mchana wenye utaratibu.

Uamuzi huu haufungi mlango. Mliochagua nyumbani, kubalianeni na timu tangu siku ya kwanza mambo yatakayombadilishia njia: amekaa usiku mbili bila usingizi, amekataa dawa siku moja, ameanza kugawa vitu vyake au kuaga, au anayemuuguza amesema hawezi tena. Likitokea mojawapo msingoje ziara ya kesho, pigeni simu usiku huohuo na mumpeleke, na asiachwe peke yake hata njiani.